Betri za Alhamisi

Wajukuu wangu wananiita Jaji, na sikatai. Tangu mwanangu ajenge Buhongwa na kunichukua nikae naye, kazi yangu ni kuangalia televisheni na kusema ninachoona. Vichekesho vya siku hizi vinanichosha. Mwanaume anavaa gauni, anajipaka unga usoni, anapigwa kibao, halafu wanabandika vicheko vya watu ambao hata hatuwaoni. Mtu akishakuonyesha pa kucheka, ameshakuharibia. Tamthilia nazo zina nyumba nzuri kuliko maneno. Mwanamke kafiwa na mume asubuhi, jioni anashuka ngazi na kope za bandia na kucha za kijani, analia bila kamasi. Mtu anayelia kweli hutoka kamasi. Hilo nimeliona kwa macho yangu, sina haja ya kufundishwa.

Nisichokiweza kabisa ni sherehe za tuzo. Wajukuu wanazipenda kwa sababu ya nguo zinazoburuzwa chini. Mimi navumilia mpaka mshindi anapanda jukwaani, anashika tuzo yake, anamshukuru Mungu, halafu anamshukuru mama yake. Kamera inamtafuta mama mtu kwenye viti, inampata, anafuta machozi na kupiga makofi. Hapo huwa nainuka kwenda jikoni kuangalia kama maharage yameiva, hata siku ambayo hatukupika maharage. Juzi mjukuu wangu mkubwa akanitania, "Bibi, una wivu eh? Na wewe ulitaka tuzo?" Nikamwambia aniache. Sikumwambia kwamba niliwahi kuipata, na kwamba mama yangu alinipigia makofi.

Tulikaa Pasiansi, nyumba ya tofali na bati, na nyuma yake jiwe moja kubwa kuliko nyumba yenyewe. Baba na mama walikuwa watu wa Bukoba, Walutheri, waliokuja Mwanza kabla sijazaliwa. Baba alikuwa karani wa pamba. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo Pasiansi nzima ilimwita mama kwa jina langu, mama wa fulani. Jina lake la ubatizo na la baba yake lilikuwa kwenye cheti cha ndoa na midomoni mwa ndugu zake ng'ambo ya ziwa. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hakulijua, na hakuwa na sababu ya kuliuliza.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Nilikaa nyumbani na hasira zangu, nalea wadogo zangu wawili na kusikiliza redio. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni kwa mgawo, sukari kwa mgawo, na betri zikifika duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango kutuambia: mbili kwa kila kaya. Redio yetu ilitaka nne. Basi unachanganya mbili mpya na mbili zilizochoka, na zilizochoka unaziamsha. Wengine walizichemsha sufuriani kama mayai. Mimi nilizianika juu ya lile jiwe kuanzia saa nne asubuhi, nazigeuza upande huu na huu, nazitoa kabla jua halijapoa. Baba alinipa kazi hiyo akasema mimi ndiye waziri wa betri. Nilijiona mkubwa sana.

Sheria ya baba ilikuwa fupi. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na mchezo wa Alhamisi jioni. Muziki hapana, salamu hapana.

Matangazo ya vifo yalisomwa saa nane mchana. Anayeishi na simu mfukoni hawezi kujua yalikuwa nini kwetu. Barua ya Bukoba ilichukua wiki mbili. Mtu akizidiwa au akifa, ndugu walipeleka tangazo redioni, na msomaji akawataja waliobaki mmoja mmoja kwa jina na mahali alipo: aliyeko Tabora, aliyeko Mwanza, habari ziwafikie. Nchi nzima ilinyamaza ikisikiliza. Na mama saa hiyo hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye shamba la akina mama wa tawi la chama, upande wa juu, analima mihogo kwa zamu mpaka saa kumi na moja. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemsikilizia.

Akirudi, kabla hajatua jembe, alisimama mlangoni na kuuliza, "Vipi?"

Namjibu, "Leo hamna wetu."

Hapo ndipo alipotua jembe na kuomba maji. Hata awe na kiu namna gani, hakunywa kabla hajasikia neno hilo.

Mwaka ninaousema, bibi mzaa mama alikuwa anaumwa. Barua ilisema miguu imevimba na chakula hapati. Baba alikuwa ng'ambo ya Busisi kwa msimu wa ununuzi wa pamba, na mama hakutaka kutuacha watoto peke yetu, mdogo wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Wakapanga kwamba baba akirudi mwisho wa mwezi, yeye atapanda meli. Aliniketisha kitandani kwake akaniambia, "Bibi yako akizidiwa watatangaza. Ukisikia tu jina langu, mwache mtoto kwa jirani uje shambani. Usitembee, ukimbie." Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilimaanisha. Kwa wiki tatu sikukosa tangazo hata moja.

Sasa niseme juu ya mchezo wa Alhamisi, maana ndio ulionitia wazimu. Kulikuwa na kikundi cha waigizaji cha redio ya taifa, na mimi niliwajua sauti zao kuliko za wajomba zangu. Nilijua kwamba mlango unaolia ni mlango mmoja, unatumika ikulu, unatumika jela, unatumika kwa mganga. Nilijua yule anayeigiza mlevi hajawahi kulewa, kwa sababu mlevi wa kweli hujitahidi kusema vizuri, na yeye alijitahidi kusema vibaya. Ijumaa asubuhi bombani akina mama waliniuliza, "Haya, jana ulionaje?" na mimi nikakaa juu ya ndoo yangu na kutoa hukumu. Wengi wao redio zao zilikuwa hazina betri. Waliusikia mchezo kwa mdomo wangu, na Mungu anisamehe, mara nyingine niliutengeneza ukawa mzuri kuliko ulivyokuwa.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa bwana mmoja anayekuta foleni na kujipanga bila kujua inauzwa nini. Anawauliza wenzake, kila mmoja anamdanganya vingine: sukari, khanga, mafuta ya taa. Anatetea nafasi yake kwa saa tatu, anagombana, anamsukuma mzee. Anafika mbele akakuta ni foleni ya sindano ya kuzuia kipindupindu, na nesi anamwambia apandishe shati. Mama alipousikia mara ya kwanza alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Mwisho wa msimu wakawaomba wasikilizaji waandike waseme mchezo upi ulikuwa bora na kwa nini. Barua nzuri kuliko zote ingesomwa hewani Alhamisi fulani, jina la mwandishi lingetajwa, na mwenyewe angetumiwa zawadi. Nikachana kurasa nne katikati ya daftari langu la zamani. Niliandika juu ya mlango. Niliandika juu ya mlevi. Niliandika kwamba mchezo wa foleni ni bora kwa sababu aliyeuandika amewahi kusimama kwenye foleni na hakutuonea huruma wala hakutucheka. Nikaitia posta, nikaanza kuhesabu siku.

Jumatatu ya wiki ile betri zikaanza kuchoka. Jumanne sauti ikawa ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Dukani hakukuwa na kitu, balozi akasema labda wiki ijayo. Nikapiga hesabu ya waziri: nikiwasha Jumatano mchana na Alhamisi mchana kwa matangazo, Alhamisi jioni sitapata hata mlio. Nikisubiri, na jua likiwa kali, nitapata saa nzima.

Jumatano saa nane mchana betri zote nne zilikuwa juu ya jiwe. Nilikaa kivulini nikizilinda kuku wasizidonoe. Sikuwaza mabaya. Nilijiambia bibi amekuwa mgonjwa wiki tatu bila tangazo, siku mbili haziwezi kubadili kitu. Nilimpenda bibi yangu. Alikuwa akinikamulia juisi ya ndizi mbivu kwa mikono yake nikienda likizo, na nilimpenda, na bado nilizigeuza zile betri upande wa pili.

Mama akarudi, akasimama mlangoni na jembe begani. "Vipi?"

"Leo hamna wetu."

Akaomba maji, nikamletea.

Alhamisi nikafanya vilevile. Nilidhani siku ya pili itakuwa ngumu zaidi, kumbe ikawa rahisi zaidi.

Jioni ile tulikula mapema. Nikazirudisha betri, nikawasha, na sauti ikatoka safi kama redio imetoka dukani jana. Mama alikaa kwenye mkeka ananyonyesha. Wakasema mchezo bora wa msimu ni ule wa foleni, na mimi nikaruka. Halafu mtangazaji akasema barua bora imetoka Mwanza, Pasiansi. Akataja jina langu, la kwangu na la baba yangu. Akaisoma. Alisoma juu ya mlango, wenzake studioni wakacheka. Alisoma juu ya mlevi, na mlevi mwenyewe, aliyekuwa amealikwa, akasema, "Binti, nimekukubali."

Mama akamlaza mtoto, akasimama. Alikuwa mtu asiyependa kujionyesha, hata kanisani aliimba chini chini. Siku hiyo alisimama katikati ya chumba akanipigia makofi. "Mwanangu kasomwa redioni," akasema, kwa Kihaya, kisha tena kwa Kiswahili kana kwamba kuna mgeni. Halafu wakaurudia mchezo wenyewe. Mama alijua mwisho wake na bado alicheka kuanzia mwanzo, akanishika bega ili asianguke, machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa khanga. Sijawahi kumwona ana furaha kama ile, si kabla wala si baada.

Mchezo ulikuwa unakwisha tuliposikia honi kutoka bandarini. Mama akanyamaza akasikiliza.

"Meli ya Bukoba hiyo," akasema. "Wafike salama."

Ijumaa bombani nilikuwa malkia. Mke wa balozi, ambaye mume wake hakukosa betri, alinipa nafasi nichote mbele yake. Mama naye walimpongeza njia nzima, mama wa fulani, hongera, mwanao kasikika taifa zima. Alitembea akiitikia kila mtu.

Jumamosi mchana akaja mama mmoja wa ukoo wetu aliyeshuka meli asubuhi hiyo kutoka Bukoba. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama watu wa msibani. Nikampokea mzigo, nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia marahaba bila kuniangalia, akamfuata mama, akamkumbatia, akaanza kulia.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Tulijua una sababu."

Mama akajitoa mikononi mwake taratibu. "Pole ya nini?"

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akasema yote, kwa sababu hakukuwa na namna ya kulisema kidogo kidogo. Jumatano walitangaza kwamba mama yake ni mahututi, binti yake aliyeko Mwanza afike haraka. Akafariki jioni hiyo. Alhamisi wakatangaza kifo, na tangazo likasema mazishi yanamsubiri binti huyo. Kaka yake mama alikwenda bandari ya Bukoba Ijumaa alfajiri na baiskeli ya kumbebea mzigo. Alisimama pale mpaka abiria wa mwisho akashuka, akangoja na wapagazi wakamaliza, akamuuliza baharia kama kuna mtu amebaki ndani amelala. Ndipo akarudi nyumbani, wakamzika bibi mchana ule kwenye migomba yake. Hawakuweza kungoja zaidi.

"Lilisomwa siku mbili," akasema. "Wamekutaja jina lako kamili. Hamkusikia?"

Watu walikuwa wamelisikia. Mke wa balozi alikuja kutuambia baadaye, huku amejishika kichwa, kwamba alilisikia lile tangazo la Bukoba mara zote mbili na akamwonea huruma huyo binti, asijue ni jirani anayemwazima kinu. Jina langu lilisomwa jioni, na kila mtu akajua ni nyumba gani. La mama lilisomwa mchana, na Pasiansi nzima hapakuwa na wa kulijua isipokuwa mimi.

Mama akageuka. Nilikuwa bado nimeshika mzigo wa mgeni. Aliniangalia kwa muda, na nikaona jambo likipita usoni kwake hatua kwa hatua: Jumatano mlangoni, Alhamisi mlangoni, Alhamisi jioni. Nilikuwa tayari kupigwa. Nilitamani anipige.

"Betri zilikuwa zimekwisha?" akaniuliza.

Mimi na yeye tulijua. Redio ilikuwa mezani pale pale.

"Zilikuwa zimekwisha, mama."

"Betri zilikwisha," mama akamwambia mgeni. Ndipo akakaa chini, akalia. Alilia na kamasi, alilia kwa Kihaya, akimwita mama yake kwa maneno ya mtoto mdogo.

Akaenda kwa meli ya Jumapili na mtoto mgongoni, akalikuta kaburi limeshawekewa majani, nayo yameanza kukauka. Kaka zake nao aliwaambia betri zilikwisha. Baba aliporudi kutoka Busisi akamwambia hivyo hivyo, na baba akalaani, akalaani duka la ushirika, akalaani mgawo, akasema nchi gani hii mtu anakosa kumzika mama yake kwa ajili ya betri. Mama alimwacha aseme. Mimi niliosha vyombo.

Zawadi yangu ilikuja kama mwezi baadaye. Boksi la betri, dazeni nzima, mpya, na karatasi ya pongezi yenye muhuri. Watu walikuja kuziangalia. Nilizipeleka kwa mama nikaziweka miguuni pake. Akatoa nne, akazitia redioni mwenyewe, akaihamishia redio chumbani kwake karibu na kitanda. Kuanzia siku hiyo shambani hakwenda tena mchana. Alimweleza balozi kwamba anaumwa kiuno. Saa nane alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza majina ya watu. Mchezo wa Alhamisi aliniachia. Nilikuwa nikiuliza, "Mama, niwashe?" anasema, "Washa, mwanangu, mimi nina usingizi." Niliwasha mara mbili tatu hivi, nikaacha. Barua sikuandika tena.

Miaka ikapita, mimi nikaolewa, baba akafa. Mama alizeeka ndani ya nyumba ile ile ya Pasiansi, na alipoanza kusahau njia ya bomba nikahamia kwake. Televisheni ilikuwa imeingia kila mahali. Alikuwa anakaa nasi akiangalia vichekesho na uso mtulivu kabisa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Wageni walidhani haelewi. Alielewa kila kitu.

Mwaka wake wa mwisho, mchana mmoja, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake namsubiria saa nane. Redio ilikuwa nyingine, ya umeme, lakini alitaka iwe na betri ndani vilevile, umeme usije ukakatika. Nikasikia mdomo wangu unasema lile nililoshindwa kulisema miaka zaidi ya thelathini.

"Mama, zile betri hazikuwa zimekwisha."

Hakuuliza betri zipi. "Najua," akasema.

"Mbona hukuniambia kitu, mama? Hata kunigombeza."

Akaivuta redio karibu na mto.

"Ningekugombeza vipi," akasema, "na mimi mwenyewe nilicheka?"

Nikataka kumwambia yeye hakujua, kwamba kucheka kwake hakukuwa na kosa. Akainua mkono ninyamaze, matangazo yalikuwa yanaanza. Tukasikiliza wote wawili mpaka jina la mwisho.

"Leo hamna wetu," akasema, akaniomba maji.